PIKIPIKI KATIKATI YA MAGARI: WAPEWE NJIA, NAO WAIFUATE



Majuma matatu yaliyopita mwenzetu mmoja wa karakana alitoka nyumbani kwake saa kumi na moja na nusu alfajiri ili aingie kazini saa moja. Alipanda matatu kama siku zote. Walipofika barabara ya Mombasa magari yakasimama. Alingoja dakika kumi, akangoja ishirini, akangoja tena, kisha akatazama saa yake akaona imebaki robo saa tu geti lifungwe. Akashuka, akamwita kijana wa bodaboda, akapanda nyuma, akamwambia maneno ambayo kila mmoja wetu amekwisha kuyasema: "Twende upesi ndugu yangu, nimechelewa."

Kijana alifanya alivyoambiwa. Alipita katikati ya lori na matatu, magari yote yakiwa yamesimama, na nafasi yenyewe ni ndogo, mtu akinyosha mikono atagusa huku na huku. Mara magari ya mbele yakaanza kusogea. Dereva wa lori akavuta usukani kidogo ili aingie mahali palipokuwa wazi. Hakuwaona. Mwenzetu alivunjika mfupa wa paja. Kijana alivunjika mkono na mbavu mbili. Hakufa mtu, nasi twamshukuru Mungu.

Tulipokwenda hospitali kuwatazama tuliwakuta wamelazwa chumba kimoja. Mwenzetu hakumlaumu kijana hata kidogo. Alisema, "Mimi ndiye niliyemharakisha." Kijana naye alikuwa na taabu nyingine kupita ya mkono. Pikipiki ile ni ya mkopo, na deni lake hulipwa kila siku. Pikipiki imepindika, mkono umefungwa plasta, lakini simu yake ililia kila jioni kumkumbusha kwamba siku imekwisha na hajalipa.

Tangu hapo hakuna habari nyingine inayozungumzwa wakati wa chai. Wengine wasema pikipiki zifukuzwe katika barabara kubwa, maana zimekuwa kama nzige. Wengine wasema ziachwe zipite zipendapo, hata katika njia zinazotengwa kwa mabasi, maana hazichukui nafasi kubwa. Mwenye motokaa asema lake, dereva wa basi asema lake, na mwenda kwa miguu asema lake. Mwamba ngozi huvutia kwake. Sisi tumeona yatupasa kusema neno letu, kwa sababu wengi wetu hupanda pikipiki hizo kila siku, na wengi wetu wana watoto na ndugu wanaoziendesha.

ZILITOKA WAPI

Neno bodaboda lilizaliwa mpakani Busia, watu wa baiskeli walipokuwa wakiwavusha abiria na mizigo yao kati ya kituo cha Kenya na kituo cha Uganda. Mwaka 2008 Serikali ya Kenya iliondoa kodi juu ya pikipiki ndogo zenye injini chini ya sisi 250, na tangu hapo zimejaa mijini na mashambani. Hatusemi kwamba jambo hilo lilikuwa baya. Kijana aliyekuwa akikaa bure kibarazani alipata kazi. Mama mwenye uchungu wa kuzaa alipata chombo cha kumfikisha hospitali usiku. Mfanyakazi wa zamu ya alfajiri alipata njia ya kutoka kijijini mpaka stesheni.

Lakini pikipiki zilipoongezeka, barabara hazikubadilishwa kwa ajili yake. Barabara ya Thika ilipomalizika mwaka 2012 ilikuwa na njia mpaka nane za magari, na pikipiki haikupewa hata moja iliyo yake. Barabara ya juu ya Nairobi ilipofunguliwa mwaka 2022, pikipiki zilikatazwa kabisa kuipanda. Basi kijana alipewa chombo, akapewa sheria ya kuvaa kofia ngumu na koti la kung'aa, akaambiwa achukue abiria mmoja tu, yote haya ni mema. Lakini hakuonyeshwa pa kupita. Asiyeonyeshwa mlango hupita penye ufa. Ufa wenyewe ndio ule ulio kati ya gari na gari.

Kila mwaka tangu 2021 hata 2024, watu zaidi ya 4,000 wamekufa katika barabara za Kenya. Wanaokufa wengi zaidi ni wenda kwa miguu, na wanaofuata ni watu wa pikipiki. Ndugu, hao ni watu gani? Mwenye motokaa kubwa ana chuma cha kumkinga. Wanaokufa ni wale wanaokwenda kazini kwa miguu, na wale wanaokwenda kazini kwa pikipiki. Ni sisi.

KUPENYA KUKO KWA NAMNA MBILI

Watu wengi wanapobishana juu ya jambo hili huchanganya mambo mawili. Kuna kupenya polepole kati ya magari yaliyosimama, na kuna kupita mbio kati ya magari yanayokwenda. Hayo si mamoja.

Magari yakiwa yamesimama kabisa, pikipiki inayopita kwa mwendo wa mtu anayekimbia yaweza kusimama upesi ikimwona mtu mbele yake. Tena kusimama nyuma ya lori si salama vile watu wanavyodhani. Gari linalotoka nyuma lisipofunga breki mapema, mwendeshaji atabanwa katikati kama karanga. Na injini ya pikipiki ndogo hupozwa na upepo. Ikisimama juani muda mrefu huchemka. Kwa hiyo anayepenya polepole ana sababu zake, wala si utundu tu.

Lakini mwendo ukizidi mambo hugeuka. Dereva wa lori huketi juu, na kuna mahali karibu na gurudumu lake la mbele la kushoto ambapo hawezi kuona hata mtu mzima, sembuse pikipiki. Kondakta wa matatu huruka chini kabla gari halijasimama. Abiria hushushwa katikati ya barabara. Mwuza maji na mwuza ndizi hutokea kati ya magari, na macho yake yanamtazama mnunuzi, hayaitazami pikipiki. Mtu anayepita mbio katika ufa ule hana nafasi ya kukwepa kushoto wala kulia. Ameingia mahali pasipo na mlango wa pili.

Nchi nyingine zimekwisha kulifikiria jambo hili. Katika jimbo la California, Marekani, kupenya kati ya magari kulitajwa katika sheria kwa idhini tangu mwaka 2017. Wachunguzi wa Chuo Kikuu cha huko walitoa hesabu zao mwaka 2015, wakaona kwamba hatari haikuwa kubwa magari yanapokwenda chini ya kilomita 80 kwa saa, na pikipiki isipoyapita magari hayo kwa zaidi ya kilomita 24 hivi. Ikizidi hapo, kuumia huzidi. Katika jimbo la New South Wales, Australia, tangu Julai 2014 mwenye pikipiki aruhusiwa kupenya, lakini asizidi kilomita 30 kwa saa. Angalieni kwamba huko hawakusema "hapana" tu, wala hawakusema "piteni mpendavyo". Walisema: piteni, na mpaka wenu ni huu.

Barabara zetu si zile za California. Huko hakuna mwuza ndizi kati ya magari. Kwa hiyo sisi twasema mpaka wetu uwe mdogo kuliko wao: kupenya kuwe halali magari yanaposimama au yanapotambaa tu, kwa mwendo ambao mwendeshaji aweza kusimama mara moja. Magari yakianza kwenda, pikipiki iingie katika mstari kama gari jingine. Na sheria hiyo iandikwe waziwazi, ili askari wa barabarani asiwe na nafasi ya kuamua leo hivi na kesho vile, wala kijana asitolewe pesa kando ya barabara kwa kosa asilolijua.

HABARI YA NJIA YA MABASI

Sasa tuje kwa njia zilizotengwa. Mwaka 2018 Serikali ilitangaza kwamba sehemu ya barabara ya Thika itatengwa kwa mabasi ya kwenda upesi, na baadaye mistari myekundu ikapigwa. Vijana wengi wa pikipiki waliuliza, "Na sisi je? Njia ikiwa tupu, kwa nini tusipite?"

Swali hilo lina haki yake, nasi hatulipuuzi. Katika jiji la London pikipiki ziliruhusiwa kupita katika njia nyingi za mabasi, kwanza kwa kujaribu tangu mwaka 2009, kisha kwa kudumu tangu mwaka 2012. Lakini njia zile za London ziko kando ya barabara, na basi la huko hupita kwa mwendo wa kawaida wa mjini.

Tazameni jirani zetu wa Dar es Salaam. Huko mabasi ya mwendokasi yalianza kuchukua abiria mwaka 2016 katika barabara ya Morogoro, njia yapata kilomita 21, na njia yake iko katikati ya barabara. Pikipiki zimekatazwa kuingia humo, na bado huingia. Basi lenye abiria zaidi ya mia haliwezi kusimama kama baiskeli. Na abiria wanaokwenda kituoni huvuka wakilitazama basi tu. Hawategemei pikipiki kutokea nyuma ya basi au kuja upande usio wake.

Sisi wa reli hatuhitaji kufundishwa jambo hili. Twaliona kila siku mahali barabara inapokatana na reli. Fimbo ya geti imeshuka, treni yapiga honi, na pikipiki yapita pembeni mwa fimbo na abiria nyuma. Treni ya mizigo huhitaji mamia ya mita ili isimame. Dereva amwona kijana kwa macho yake, afunga breki yote aliyo nayo, na bado hana la kufanya ila kuomba Mungu. Waulizeni madereva wetu usingizi wao huwaje usiku ule.

Kwa hiyo twasema bila kuficha: njia ya basi iliyo katikati ya barabara iachiwe basi. Basi moja hubeba wafanyakazi wengi kuliko pikipiki hamsini, na njia hiyo ikiharibiwa atakayechelewa ni mfanyakazi. Lakini anayesema hayo akanyamaza hapo amesema nusu. Kama njia ya basi si ya pikipiki, basi ya pikipiki iko wapi?

Inawezekana ipatikane. Huko Malaysia, tangu miaka ya 1970, barabara kuu inayotoka Kuala Lumpur ina njia ya pikipiki peke yake, imetengwa na magari. Waliochunguza baadaye waliona ajali za pikipiki zimepungua kwa zaidi ya robo. Huko São Paulo, Brazil, ambako vijana wa pikipiki ni wengi kama kwetu, mwaka 2022 wakubwa wa jiji walianza kupiga mistari ya buluu kati ya njia mbili za magari katika barabara moja kubwa, ili kila dereva ajue kwamba hapo ndipo pikipiki hupita. Jambo hilo halikutaka daraja wala saruji nyingi. Lilitaka rangi, na mtu wa kuamua.

MZIZI WA HARAKA

Lakini ndugu, hata barabara zote zikipigwa rangi ya buluu, kuna jambo litakalobaki.

Katika reli dereva haingii sehemu ya njia mpaka apewe ruhusa. Treni moja, sehemu moja. Haidhuru amechelewa saa tatu, haidhuru abiria wapiga kelele madirishani. Ishara ikiwa nyekundu atasimama. Sheria hiyo ilipatikana kwa mauti ya watu waliotutangulia. Nasi twajivuna kwamba twaifuata. Lakini tusijivune kupita kiasi. Dereva wetu akisimama mbele ya ishara nyekundu kwa saa nzima, mshahara wake wa mwezi haupungui hata senti.

Kijana wa bodaboda hulipwa kwa safari. Akisimama hapati kitu. Asubuhi kabla hajanunua petroli, tayari ana deni la mwenye pikipiki au deni la mkopo la siku ile. Yule anayepeleka vyakula na vifurushi kwa kuitwa na simu, naye hulipwa kwa safari. Wote hao wameambiwa, "Endesha polepole," na aliyewaambia amewalipa kwa namna inayosema, "Kimbia." Mtu akisikia sauti mbili, hufuata ile iliyo na chakula cha watoto.

Basi tusidanganyane kwamba faini peke yake itamaliza jambo hili. Faini humwongezea kijana deni, na deni humwongezea mbio. Dawa ya haraka ni kupunguza lile linaloharakisha. Mkopo wa pikipiki uweze kusimama mtu anapolazwa hospitali. Bima isimlipie mwenye chombo tu, imfikie na mwendeshaji na abiria wake. Na vijana wenyewe waungane, wawe na chama chenye kadi, mkutano na hesabu zinazosomwa mbele ya wote, wapate sauti moja ya kuzungumza na wenye pikipiki na wenye mikopo. Mtu mmoja mmoja hawezi kuzungumza na deni.

Nao wakiungana watapata nguvu ya kuwaonya walio wao. Mwezi Machi 2022 dereva mwanamke alishambuliwa na kudhalilishwa na watu wa bodaboda katika barabara ya Profesa Wangari Maathai, Nairobi, na kazi nzima ikatiwa aibu kwa tendo hilo. Ajali ikitokea, kukusanyika na kutisha si umoja. Umoja ni kujua haki yako na kuidai kwa utaratibu.

TUNAYOYATAKA

Twawaomba wakubwa wa Serikali na wa majiji mambo matatu. Kwanza, sheria iseme wazi ni wakati gani pikipiki yaweza kupenya na kwa mwendo gani. Pili, barabara mpya yoyote isijengwe pasipo njia ya mwenda kwa miguu na njia ya pikipiki. Na katika barabara kubwa za zamani ijaribiwe mistari kama ile ya São Paulo. Tatu, njia ya basi iwekewe ukingo, isilindwe kwa faini tu.

Twawaomba wenye kuajiri jambo moja. Mahali pengi mfanyakazi akichelewa dakika tano hukatwa nusu siku. Msongamano wa magari si kosa la mfanyakazi. Matawi yetu na yafikishe jambo hili mezani pa mazungumzo, mfanyakazi apewe muda kidogo wa huruma asubuhi, naye aufidie jioni. Nusu siku ile ndiyo iliyomshusha mwenzetu katika matatu.

Madereva wa lori na mabasi walio ndugu zetu, tazameni kioo cha kushoto na cha kulia kabla ya kuvuta usukani, hata mkiwa mmesimama. Makondakta, msifungue mlango katikati ya barabara.

Na ninyi wanachama mnaopanda pikipiki, jambo lenu ni dogo kupita yote, nalo halina gharama. Mkipanda, vaeni kofia hata kama inanuka jasho la mtu mwingine. Msipande wawili. Na msiseme neno lile, "Twende upesi." Semeni, "Twende salama, nitangoja." Mlipeni kijana nauli ile ile akisimama, na geti likifungwa njoni kwa katibu wa tawi, tutajua la kufanya.

Mwenzetu wa karakana bado yuko kitandani, na mguu wake umetundikwa. Kijana ametoka, anatembea, lakini hana kazi mpaka mkono upone, na deni linazidi. Matawi yamekwisha kuanza mchango wa mwenzetu. Twapendekeza kwamba sehemu ya mchango huo apewe na kijana. Wako watakaouliza, "Yeye si mwanachama, kwa nini?" Jibu letu ni kwamba siku ile alikuwa kazini, na abiria aliyekuwa nyuma yake alikuwa mmoja wetu, akimharakisha.

Lizungumzeni jambo hili matawini, na mawazo yenu yaleteni kwa katibu kabla ya mkutano wa mwisho wa mwezi.